Msituweke pande mbili za neti

  Leo tunaandika juu ya mchezo, ila msiseme ni mambo ya mchezo tu. Someni mpaka mwisho ndo mtoe maoni.

Hoja yetu ni fupi. Kila mradi wa amani tuliouona huku kwetu unaleta mpira wa miguu, unaleta jezi za rangi mbili, halafu unapanga timu ya kambi icheze na timu ya kijiji. Sisi tunasema mpango huo uachwe. Hautupatanishi. Unatuonyesha adui ni nani, tena kwa filimbi na kikombe. Tunataka mpango wa wawili wawili: mkimbizi mmoja na mwenyeji mmoja, upande mmoja wa neti. Mfano tumeuchukua kwenye tenisi ya wanaume wawili wawili, na tutaeleza kwa nini.

Tuanze na hali yenyewe. Wengi wetu tumetoka Mocímboa da Praia, wengine vijiji vya Nangade, wengine ni wa hapa hapa Palma, walikimbia tarehe 24 Machi 2021 mji ulipovamiwa. Vita hii ilianza Oktoba 2017, kwa hiyo tunao wadogo zetu walioanza shule na kuacha shule bila kukaa kijiji kimoja miaka miwili mfululizo. Wenyeji waliotupokea nao si matajiri. Walitukatia sehemu ya machamba yao, wakagawana nasi maji ya kisima, nyumba ya vyumba viwili wakalala watu kumi na tano. Halafu ikaja lista. Aliyekuwa kwenye lista alipata mchele, mafuta na maharage. Mwenyeji aliyempokea hakupata kitu, au alipata mara moja tu basi. Hapo maneno yakaanza. Upande mmoja: "Hawa wa kuja wanakula, sisi tunaangalia." Upande wa pili: "Hawa wana nyumba, wana machamba, wana bahari yao, bado wanataka na mchele wetu?"

Katikati ya maneno hayo shirika moja likaleta mechi ya amani. Kambi jezi nyekundu, kijiji jezi za bluu. Watu walijaa kweli kweli, ngoma zikapigwa, na mpira ulikuwa mzuri mpaka dakika za mwisho, pale refa alipotoa penalti. Kambi ikashinda. Kesho yake asubuhi dada zetu walikwenda bombani na ndoo zao wakaambiwa, "Chukueni kikombe chenu mlichoshinda, mkachotee maji huko." Foleni ikavunjika, ndoo zikapasuliwa, wazee wa pande zote mbili wakakaa siku nzima chini ya mwembe kutuliza. Picha ya mradi ilikuwa nzuri: makapteni wawili wanashikana mikono. Picha ya bombani hakuna aliyepiga.

Hatusemi mpira wa miguu ni mbaya. Tunaupenda sana. Tunasema ukichukua watu waliogawanyika tayari, ukawavalisha rangi mbili kufuata mgawanyiko ule ule, umeupa ugomvi wao sare.

Sasa tenisi imetoka wapi? Kambini kwetu hakuna kiwanja cha tenisi. Imetoka kwenye simu. Mwenzetu mmoja alikuwa na video ya fainali ya wanaume wawili wawili ya mashindano ya wazi ya Marekani, New York, Septemba 2010. Tuliiangalia usiku, watu tisa kwenye kioo kimoja, kichwa juu ya kichwa. Upande mmoja walikuwa mapacha wa Kimarekani, Bob na Mike Bryan, ambao wakati huo kila mtu aliwaogopa. Upande wa pili alikuwa Rohan Bopanna wa India pamoja na Aisam-ul-Haq Qureshi wa Pakistani.

Kwa asiyejua: India na Pakistani zilikuwa nchi moja chini ya Waingereza, zikagawanywa mwaka 1947. Mamilioni ya watu walikimbia huku na huku, Waislamu upande mmoja, Wahindu na Masingasinga upande wa pili, na wengi sana waliuawa njiani. Tangu hapo nchi hizo zimepigana vita zaidi ya mara moja. Miaka miwili tu kabla ya fainali hiyo, Novemba 2008, mji wa Mumbai ulishambuliwa na watu waliotoka Pakistani, na chuki ilikuwa bado ya moto. Ndani ya hali hiyo, vijana wawili, mmoja huku mmoja kule, wanacheza upande mmoja. Walivaa hata nguo zenye maneno ya kusema vita ikome tenisi ianze. Waliwahi kusema wanatamani kucheza pale Wagah, kwenye mpaka wenyewe wa nchi zao.

Fainali walifungwa. Seti mbili, zote 7-6, yaani kila seti iliamuliwa kwa pointi chache tu mwishoni. Lakini jukwaani, mabalozi wa India na Pakistani katika Umoja wa Mataifa walikaa pamoja kuwashangilia. Tafakarini kidogo. Watu wale kazi yao ya kila siku ni kupingana kwenye meza. Siku ile hakuna aliyeweza kushangilia wa kwake bila kumshangilia wa mwenzake, kwa sababu pointi ni moja. Bopanna akipiga vizuri, Pakistani imefaidika. Qureshi akikosea, India imepoteza. Kwenye mechi yetu ya nyekundu na bluu ilikuwa kinyume kabisa: furaha ya mmoja ilikuwa lazima iwe maumivu ya jirani yake.

Baada ya mechi Qureshi alipewa kipaza sauti. Alizungumza kwa niaba ya watu wake, akasema dunia inawaona vibaya, kwamba Wapakistani si magaidi, nao wanataka amani kama watu wengine. Wakati huo nchi yake ilikuwa imetoka kupigwa na mafuriko makubwa na watu kama milioni 20 walikuwa wameathirika. Tulipofika hapo kwenye video, watu tisa tulinyamaza. Sisi ni watu wa pwani, wengi wetu Waislamu, na tunajua ni kitu gani kuitwa jina la waliokuchomea nyumba.

Yupo atakayesema, hao ni watu wakubwa, wanalindwa, kwao ni rahisi. Haikuwa rahisi. Huyo Qureshi mwaka 2002, akiwa bado kijana, alicheza Wimbledon na Amir Hadad, ambaye ni Mwisraeli. Walifika raundi ya tatu. Viongozi wa michezo wa nchi yake walimtishia kumfungia. Hawakutazama kwamba anashinda, walitazama anashinda na nani. Yeye akasema anacheza tenisi, siasa hazimo, na miezi michache baadaye alicheza tena na Hadad kwenye mashindano ya Marekani. Baadaye wawili hao walipewa tuzo ya utu yenye jina la Arthur Ashe.

Tunaitaja hiyo kwa sababu shinikizo la watu wa kwako ndilo gumu zaidi. Hapa kambini, kijana akionekana kila siku na wavuvi wa kijijini anaambiwa amejiuza. Kule kijijini, mvuvi akimpa kijana wa kambi nafasi kwenye dau, anaulizwa kama watoto wa shangazi yake wamekwisha. Hakuna anayeogopa mtu wa upande wa pili kama anavyoogopa maneno ya jikoni kwao.

Tusogee karibu na nyumbani. Mkenya Paul Wekesa ndiye aliyetufungulia njia watu wa Afrika Mashariki kwenye tenisi ya kulipwa. Mwaka 1995 alifika nafasi ya 100 duniani kwa mchezo wa mtu mmoja mmoja, lakini taji la Seoul la mwaka 1989 alilichukua katika wawili wawili, na mwenzake alikuwa Mmarekani, Scott Davis. Ukitoka nchi ambayo mashindano makubwa hayaji, huna mtu wa kwenu wa kucheza naye kila wiki. Unatafuta wa kwao, mnaelewana, mnaingia.

Na mwaka 2022, kwa wasichana, Angella Okutoyi alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam, pale Wimbledon, wasichana wawili wawili. Mama yake alifariki wakati wa kujifungua, yeye na pacha wake wakalelewa na bibi. Mwenzake siku hiyo alikuwa Mholanzi, Rose Marie Nijkamp. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na ya mwisho, ile ya kufika pointi kumi, wakaichukua 11-9. Upande wa pili wa neti alikuwapo Victoria Mboko, Mkanada ambaye wazazi wake walitoka Kongo wakaenda kuanza maisha upya. Mboko huyo huyo mwaka 2025 alishinda mashindano makubwa ya Montreal kwa kumfunga Naomi Osaka. Kwa hiyo aliyefungwa siku ile hakuishia pale, na aliyeshinda hakushinda peke yake.

Siku hizi hata Kigali wanapokea tenisi ya kulipwa ya wanaume. Ilianza mwanzoni mwa 2024, mmoja mmoja na wawili wawili. Sisi huku Rwanda tunaijua kwa askari wake waliofika Julai 2021. Ni vizuri kujua kwamba nchi iliyochinjana mwaka 1994 leo inachora mistari myeupe kwa ajili ya mchezo, na wageni wanapanda ndege kwenda kucheza.

Sasa tueleze mchezo wenyewe, maana mafundisho yako humo ndani.

Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77. Mkicheza mmoja mmoja upana ni mita 8.23. Mkicheza wawili wawili mistari ya pembeni inafunguliwa, upana unakuwa mita 10.97. Yaani wakiongezeka watu, na kiwanja kinaongezwa. Hilo la kwanza, na ndugu zetu wa mashirika walisome mara mbili. Hapa kwetu watu waliongezeka mara mbili, tatu, lakini bomba lilibaki moja, mwalimu alibaki mmoja, na posto ya afya ilibaki na vitanda vile vile. Halafu tukaambiwa tuishi kwa upendo. Fungueni kwanza mistari ya pembeni.

La pili ni mpira wa katikati. Wachezaji wa wawili wawili watakuambia kwamba mpira mgumu kuliko yote unapita kati ya watu wawili, kwa sababu kila mmoja anadhani ni wa mwenzake, au wote wawili wanaurukia raketi zikagongana. Dawa yake ni moja, kusema. "Wangu!" au "Wako!" Tena mapema, kabla mpira haujafika. Wanaojuana vizuri huzungumza karibu kila baada ya pointi, hata kama ni neno moja. Hapa kwetu mipira ya katikati ni mingi: bomba, njia ya kwenda machamba, mti wa kuni, sehemu ya kuegesha madau, gulio la Jumamosi. Hakuna anayesema wangu wala wako mpaka ndoo zipasuke. Kamati ya maji ya kijiji inakaa kivyake, kamati ya kambi inakaa kivyake, na bomba liko katikati.

La tatu ndilo lililotugusa zaidi. Anayeanzisha mpira anasimama nyuma. Mwenzake anasimama mbele karibu na neti, amempa mgongo. Kwa wanaume wa kulipwa mpira huo unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa, na unampita yule wa mbele karibu na sikio. Hageuki kuangalia. Ameweka mkono nyuma ya mgongo, anaonyesha vidole: nitavuka, au nitabaki. Wa nyuma ameona, amekubali, anapiga. Yaani mtu anakuachia mgongo wake na wewe umeshika kitu cha kumuumiza.

Sisi vijana wa kiume wa pwani hii tunaelewa uzito wa jambo hilo. Tangu vita ianze, kijana asiye na karatasi ni mtu wa kutiliwa shaka. BI yake imeungua na nyumba, anasimamishwa njiani anaulizwa ametoka wapi. Akichelewa kutoka porini anaulizwa alikuwa na nani. Hata sisi kwa sisi, ndani ya kambi, tunaangaliana. Mtu anakaa na mgongo kwenye ukuta. Kuaminiana hakuji kwa semina ya siku mbili yenye soda na biskuti. Kunakuja kidogo kidogo, kwa kufanya kitu kimoja ambacho mwenzako akikiharibu na wewe umeharibikiwa, na unaona kwa macho yako kwamba hakiharibu.

Tumejaribu kwa vitendo. Siku za bamvua, maji yakikupwa, ufuo wetu unakuwa mpana na mchanga mgumu. Tunachora mistari kwa kisigino, hatua kumi na sita kwa nane. Neti ni kipande cha jarife lililochakaa, tulipewa na wavuvi, tumekifunga kwenye miti miwili. Raketi tumechonga wenyewe kwa mbao za masanduku na mabaki ya madau. Mipira ni mitatu, tuliachiwa na mfanyakazi mmoja wa shirika alipomaliza mkataba wake. Mchangani mpira haudundi, kwa hiyo sheria yetu ni kwamba usiguse chini. Kumbe mchezo wa namna hiyo upo duniani na una mashindano yake, unaitwa tenisi ya ufukweni.

Sheria yetu kubwa ni ya majina. Kofia mbili: moja ina majina ya kambi, moja ina ya kijiji. Unachukua karatasi moja huku, moja kule, hao ndo timu. Hakuna kuchagua, hakuna kubadilishana.

Mwanzoni watu walicheza kama mabubu. Wa kambi na wa kijiji wamesimama upande mmoja, mpira unaanguka katikati, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa hasira. Wiki ya tatu tukaanza kusikia sauti. "Wako!" "Acha, wangu!" Wiki ya tano kijana mmoja wa Mocímboa na mvuvi mmoja wa hapa walishinda mizunguko yote, na yule mvuvi akamwambia mwenzake, "Kesho alfajiri njoo, tuna nafasi moja kwenye dau." Bado anakwenda naye mpaka leo. Hatusemi tenisi imempa kazi. Tunasema mvuvi alikuwa amemwona kijana yule anavyofanya wakipoteza pointi: hakulaumu, alirudi mahali pake akasema tuendelee. Mtu wa namna hiyo ndiye unayemtaka baharini.

Sasa tujibu mnayotaka kusema.

Mtasema tenisi ni mchezo wa matajiri. Ya kulipwa, ndiyo, ina gharama. Lakini Yannick Noah alikulia Yaoundé, Kameruni, na mwaka 1971 Arthur Ashe alimwona pale akiwa na miaka 11, akasaidia apate njia ya kwenda Ufaransa kufundishwa. Mwaka 1983 alishinda Roland Garros peke yake, na 1984 akashinda tena pale pale katika wanaume wawili wawili na Henri Leconte. Hata hivyo hatuombi kiwanja cha saruji. Tunaomba mfumo. Mkitaka mpira wa miguu uendelee, sawa, changanyeni: kila timu nusu kambi, nusu kijiji, na majina ya timu yasitaje mahali. Hilo halihitaji hela hata meticali moja.

Mtasema mchezo hauleti chakula. Kweli, na hatujasema unaleta. Lista ikiwa mbovu, kucheza pamoja hakuifanyi iwe nzuri. Mama mwenyeji aliyelala njaa huku mgeni wake ana gunia hawezi kuponywa na raketi. Ndiyo maana tunasema mambo haya yaende sambamba: kiwanja kipanuliwe, na watu wapangwe upande mmoja. Mkifanya la pili bila la kwanza mtakuwa mnatuchezesha tu.

Mtasema wasichana wako wapi, mbona mifano mingi ni ya wanaume? Dada zetu wa kikundi walituuliza swali hilo hilo kabla yenu. Walisema wanataka kucheza, lakini wacheze wao kwa wao, mapema asubuhi, mahali ambapo vijana wa kiume hawapiti kuchungulia. Sasa wana siku yao na kofia zao mbili. Tumeandika zaidi juu ya wanaume kwa sababu mechi za amani zinazoleta ugomvi ni za wanaume, na wanaosimamishwa njiani kwa shaka wengi ni wanaume. Ya kwao wataandika wenyewe.

Mtasema pia kuna wasiotaka kabisa kuwa upande mmoja na mwenzao, wana uchungu wa kweli. Tunajua. Kuna mtu aliyeona nyumba yake inaoneshwa kwa wavamizi na mtu wa kijijini kwake mwenyewe. Huyo hatumlazimishi. Kofia ni ya anayetaka. Anayetaka kukaa pembeni aangalie tu, akae, tunamkaribisha, na asihojiwe.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, tunaomba haya:

1. Msipange tena mechi ya kambi dhidi ya kijiji, hata mkiiita ya amani. Changanyeni timu kabla ya kugawa jezi.

2. Mafunzo ya ufundi yatoe nafasi kwa jozi: mkimbizi mmoja, mwenyeji mmoja. Cherehani moja, seti moja ya vifaa vya kuchomelea, watu wawili wanaomiliki pamoja na kugawana kipato. Mmoja akihama, mwenzake anabaki na kazi, na kifaa hakiuzwi njiani.

3. Kamati ya maji iwe moja, na kila cheo kishikwe na wawili. Funguo za bomba ziwe mbili, moja huku na moja kule.

4. Mgao ukija, wenyeji waliopokea watu wahesabiwe tangu siku ya kwanza, wasiongezwe baada ya kelele.

5. Mje kutuuliza kabla ya kuandika mradi. Mradi ukishachapwa, mkituuliza maoni mnatuomba sahihi tu.

Na kwenu vijana wenzetu, wa kambi na wa kijiji: tusingoje mashirika. Mambo mengine yako mikononi mwetu. Kama unakwenda kuni, nenda na wa upande wa pili. Kama unaanzisha kibanda cha kuchaji simu, tafuta mwenzako wa kule, hata kama mtaji ni wako. Akikosea mara moja, usitupe raketi. Bopanna yule aliyefungwa New York mwaka 2010 aliendelea kucheza na wenzake mbalimbali mwaka baada ya mwaka. Januari 2024, akiwa na miaka 43, alishinda mashindano ya wazi ya Australia akiwa na Matthew Ebden wa Australia, taji lake la kwanza la Grand Slam katika wanaume wawili wawili, na akawa namba moja duniani katika wawili wawili. Sisi tuna miaka ishirini na kitu, tumekaa kambini miaka minne, mitano, na tunajiona tumekwisha. Bado.

Jumamosi hii ni bamvua. Saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekupwa, na mistari tutachora mapema. Raketi zipo nane, kofia zipo mbili. Anayetaka kucheza alete jina lake, anayepinga hoja yetu alete hoja yake, na mwenye mpira wa nne atakuwa ametusaidia sana.